Shusha gari, usimnyanyue nyumbu

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni seremala, nipo Mbagala Kizuiani. Mwaka jana nilipata leseni ya uwindaji wa wenyeji, nikaenda upande wa Kilwa na pikapu yangu, Hilux ya kabini moja. Rafiki tuliyepanga kwenda naye aliuguliwa na mtoto siku moja kabla ya safari, kwa hiyo nikaenda mwenyewe. Nilikuwa na askari wa wanyamapori, mtu mzima, yeye kazi yake kusimamia na kuandika, na aliniambia mapema kabisa kwamba mgongo wake haubebi kitu.

Nikapata nyumbu dume. Kumpiga ilikuwa jambo la dakika moja. Kumpakia ilikuwa saa nne. Nikiinua upande wa kichwa hadi kwenye bodi, nikizunguka kushika miguu ya nyuma, naye anateleza anarudi chini. Mwishowe walipita vijana wa baiskeli za mkaa wakanisaidia. Kiuno kilinikaza siku tisa, na tulipofika Mbagala nyama ya paja ilikuwa imeshaanza kutoa harufu. Mwaka huu nimeomba nyati. Kama tena nitajikuta peke yangu, nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana hizo saa nne nazijua. Niliendesha magari ya wawindaji miaka 14, kuanzia 1984, huko kusini mwa Rufiji, kabla sijarudi mjini kufungua gereji yangu hapa Tandika. Sehemu kubwa ya pori lile tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere na bunduki ya mwindaji haiingii tena, lakini nyumbu ni wale wale, wenye ule mstari mweupe usoni chini ya macho, na uzito wao haujapungua.

Kosa lako ni moja tu, na ndilo la kila mtu anayeanza. Ulimwacha mnyama pale alipoangukia, ukaleta gari ubavuni pake, halafu ukataka kumpandisha. Geti la nyuma la Hilux likifunguliwa linafika kiunoni mwa mtu mzima. Nyumbu dume ana kilo mia mbili na zaidi. Hakuna namna ya kushika, wala ya kuinama, itakayomfanya mtu mmoja apandishe kilo 200 hadi kiunoni. Usitafute nguvu hiyo, haipo. Kinachowezekana ni kulishusha gari mpaka bodi ilingane na ardhi aliyolalia mnyama, kisha kumvuta.

Nianze na mnyama mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo nyama yako ilipoharibikia.

Akishakufa, na umehakikisha amekufa (mwendee kwa nyuma, mguse jicho kwa fimbo ndefu, akipepesa rudi ulikotoka), mtoe matumbo hapo hapo. Usisubiri kufika kambini, usisubiri kupiga picha. Kama wewe ni Mwislamu, utakuwa umeshamwahi na kisu bado ana uhai, hilo sina haja ya kukufundisha. Tumbo la mnyama anayecheua ni kama chungu kilichofunikwa kikiwa bado kinachemka. Majani yaliyomo yanaendelea kuchacha, joto linapanda kwenye mapaja, na nyama huanza kuoza kwa ndani, kwenye mfupa wa paja, kabla pua yako haijasikia kitu kwa nje. Harufu uliyoisikia Mbagala ilianzia kwenye zile saa nne za kuhangaika na tumbo likiwa zima.

Faida ya pili ni uzito. Ukimtoa matumbo vizuri, robo ya mnyama umeiacha porini. Nyumbu wa kilo 230 amebaki kama 170. Askari akishaandika anachoandika, na kama kichwa hukihitaji kikiwa juu ya mwili, kitenganishe kiende peke yake. Kwato nazo kata kwenye kifundo. Unazidi kupunguza, na hujanyanyua kitu bado.

Sasa gari. Kabla hujaliwasha, tembea. Zunguka hatua mia kila upande ukitafuta korongo kavu, au mfereji wa maji ya mvua, au hata barabara ya zamani ya wakata magogo iliyochimbika. Unataka mahali ambapo gari litasimama chini na mnyama atakuwa juu ya ukingo. Rudisha gari nyuma taratibu mpaka geti lililofunguliwa liguse ukingo au likaribie. Ukipata ukingo mzuri, kazi ya saa nne itakuisha kwa nusu saa, na nyumbu ataingia kwenye bodi kama anayevutwa sebuleni.

Lakini atakuwa ameanguka mbali na korongo, utaniambia. Ndiyo, mara nyingi. Kumburuta chini kwa gari hadi kwenye korongo si vibaya, mradi usimburute akiwa mtupu, maana mchanga na mbigili vitaingia pale ulipompasua. Hapa nikupe kitu ambacho natamani mtu angeniambia mwaka 1984. Tafuta pipa la plastiki la bluu, lile la lita 200 tunalowekea maji uani. Lipasue kwa urefu, upate mabakuli mawili marefu. Chukua moja, toboa matundu manne upande wa mbele na mengine mawili kila ubavu. Ya mbele pitisha kamba ya kuvutia, ya ubavuni pitisha kamba za kumfunga mnyama asibiringike. Hiyo ndiyo sledi yako. Plastiki ile juu ya nyasi kavu inateleza ajabu. Juu ya ubao inateleza zaidi. Naye mnyama anabaki msafi kutoka alipoanguka mpaka ndani ya bodi, kwa sababu humtoi humo, unampandisha na pipa lake. Nyumbu mzima atazidi urefu wa pipa, miguu ya nyuma itaning'inia, haidhuru. Kinachobeba uzito ni kifua na mgongo.

Mlaze kichwa mbele. Hili watu hulidharau. Manyoya ya mnyama yanalala kuelekea mkiani, ukimvuta kwa kichwa yanalala zaidi na yanateleza, ukimvuta kwa miguu ya nyuma yanasimama yote na kukwama kwenye kila kijiti. Miguu ya mbele ikunje uifunge kwenye pembe au shingoni, isishike mizizi njiani.

Kama ardhi yote ni tambarare, chimba. Najua inachosha kuisikia, lakini jembe moja na muda usiozidi saa moja ni nafuu kuliko siku tisa za kulala kifudifudi. Chimba mifereji miwili ya matairi ya nyuma, kina cha mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, na upande wa mbele wa kila mfereji chonga mteremko mrefu ili gari lipate njia ya kutokea likiwa na mzigo. Nimeona mtu akichimba mashimo mazuri yenye kuta wima, akapakia nyati, kisha akalala porini na gari lake. Ukisharudisha matairi ya nyuma kwenye mifereji hiyo, geti litakuwa limeshuka chini ya goti, na mbao za kumpandishia mnyama kutoka ardhini hadi getini zitakuwa na mwinuko mdogo.

Kwenye mbao wewe unanizidi, mwanangu, ni kazi yako. Nitasema tu kwamba ziwe mbili, nene za inchi mbili, urefu futi nane, na upande wa juu uzipigie chuma cha kunasa kwenye ukingo wa bodi. Mbao inayoteleza kutoka kwenye geti wakati mzigo uko katikati ndiyo inayovunja mguu.

Sasa kuvuta. Hata kwenye mbao za futi nane, nyumbu wa kilo 170 kwa mikono mitupu hapandi, nimelijaribu hilo nikiwa na miaka 27 na misuli ya kutosha. Mteremko unakupunguzia sehemu tu ya uzito, halafu msuguano unakurudishia nusu ya ulichopunguza. Unahitaji ama roda, yaani puli za kamba, ama winchi ya mkono.

Roda ni zile zile za majahazi. Nenda Feri ukawaangalie mabaharia wanavyotweka foromali, ule mti unaobeba tanga, mtu mmoja anavuta kitu ambacho watatu wasingekiinua. Chukua jozi, moja yenye magurudumu mawili uifunge upande wa kabini, nyingine yenye magurudumu mawili ifungwe kwenye kamba ya sledi. Kamba ikipita mara nne kati yao, unavuta kama robo ya uzito na kidogo zaidi kwa sababu ya msuguano. Utavuta kamba ndefu mno, mita nne za kamba kwa mita moja ya nyumbu. Usikasirike, ndiyo bei yake. Winchi ya mkono, ile ya kusukuma mpini mbele na nyuma, ni ya polepole zaidi lakini ina meno yanayoshika, ukichoka unakaa chini unakunywa maji na mnyama anabaki pale alipofika. Kwa mtu aliye peke yake ningechagua winchi. Mtaa wa Gerezani hapa Dar zinapatikana, nenda mchana uangalie waya wake wote kutoka mwanzo hadi mwisho, ukiona hata uzi mmoja uliokatika na kuchomoza, acha.

Winchi usiifunge kwenye vile vipete vidogo vya kufungia turubai pembeni mwa bodi. Vitang'oka. Chomea bomba la chuma likatize upande wa kabini na likamate chesisi kwa bolti, fundi yeyote mzuri atakufanyia kwa asubuhi moja.

Na kabla hujavuta hata inchi moja, weka magogo nyuma ya matairi yote manne. Nitakueleza kwa nini, na hili ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu.

Ilikuwa 1991, mwezi wa nane, jua linazama. Tulikuwa wawili, mimi na mfuatilia nyayo mmoja mzee, wageni walikuwa wameshatangulia kambini kwa gari jingine. Nusu ya mbele ya nyati ilikuwa juu ya ukingo wa korongo, gari chini, kila kitu sawa kama nilivyokueleza. Nilivuta hendibreki, nikatia gia, nikaona yatosha. Winchi ikiwa juu ya gari, inapomvuta mnyama kwenda kwenye gari, inalivuta gari pia kwenda kwa mnyama. Nyati alikwama kwenye mzizi. Hakusogea. Likasogea gari. Lilirudi nyuma kiasi cha shibiri moja, si zaidi, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika ncha ya geti upande wa ukingo. Sikusikia maumivu mwanzoni, nilisikia sauti, kama mtu aliyevunja muwa. Yule mzee hakupiga kelele. Alilegeza winchi, akaweka gogo, ndipo akaja kunitoa. Angeanza na mimi kabla ya gogo, gari lingerudi tena. Vidole viwili vya mkono ule havikunji mpaka leo, na kila nikishika spana naukumbuka utulivu wake.

Kwa hiyo magogo kwanza. Na wakati waya umekazwa, usisimame mstari mmoja nao, wala usiuruke. Utupie blanketi au turubai katikati, ukikatika blanketi litauangusha chini badala ya kuuacha upige kichwa. Kila mnyama anaposogea hatua moja, sukumia gogo nyuma ya sledi. Vuta kidogo, zuia, vuta kidogo, zuia.

Ukishampakia, msogeze mpaka aguse ukuta wa kabini na umfunge kwa mikanda miwili, nyuma ya mabega na mbele ya mapaja. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, mbele kunakuwa kwepesi na usukani unapotea, hasa kwenye ile lami ya Barabara ya Kilwa ukiwa na usingizi. Pasua mbavu uziachanishe kwa kijiti ili hewa ipite. Usimfunike kwa nailoni, nailoni inampika. Shuka la pamba, au neti kuukuu ya mbu dhidi ya nzi, na turubai juu kwa kivuli likiwa limeinuliwa. Safiri usiku kama unaruhusiwa na una dereva aliyelala mchana. Kama ni mchana, beba barafu kwenye madumu yaliyofungwa uyaweke ndani ya kifua, yale maji yasimwagike kwenye nyama.

Nakuja kwenye nyati. Hapa nitakuwa mkali kidogo, uniwie radhi. Nyati mzima peke yako, usijaribu. Dume anafika kilo 700. Sina roda, sina winchi, sina korongo ninaloweza kukushauri litumiwe na mtu mmoja kwa mzigo huo, na Hilux yako ikishambeba itakuwa imebakiza nafasi ndogo sana ya mafuta, maji na askari wako. Nyati anakatwa. Mchune hapo hapo upande mmoja, ngozi iliyochunwa iwe mkeka wako, toa mguu wa mbele (hauna kiungo cha mfupa na mwili, kisu tu kinapita chini ya bega), kisha mguu wa nyuma kwenye kiungo cha nyonga, kisha mnofu wa mgongo. Mgeuze, rudia. Mguu mmoja wa nyuma wa nyati dume unaweza kuzidi gunia la kilo 50, na ndio mzigo mkubwa kabisa utakaoushika. Hata huo usiubebe kifuani. Utie kwenye nusu ya pipa, uvute kwenye mbao. Utamaliza nyati mzima bila kunyanyua chochote juu ya goti lako.

Muulize askari kabla ya kukata, ili anachotakiwa kukiona akione kikiwa kizima. Na leseni yako pamoja na makaratasi yote aliyokuandikia yakae ndani ya gari, mkononi, siyo kwenye begi chini ya nyama. Ukifika kizuizi cha maliasili huna karatasi, ile nyama kisheria ni nyara ya serikali, na unajua wangapi tumesoma habari zao wamehukumiwa miaka 20. Majirani wa Kizuiani wakikuomba, wape. Usimuuzie mtu, kuuza nyamapori kuna leseni yake tofauti na bucha zake.

Jambo la mwisho kwako. Mpigie simu rafiki yako. Mtoto atakuwa amepona. Ukipata mtu wa pili, hata asiyejua kitu, kazi yake iwe moja, kuweka magogo.

SWALI: Mzee habari za kazi. Nina Kirikuu ya biashara Gongo la Mboto. Nikitoka Morogoro wiki iliyopita, pale barabara inapopita ndani ya Mikumi, niliona nyati kagongwa na lori, kalala pembeni, hajavimba. Mwenzangu alisema tumpakie. Nilikataa, akaniita mwoga. Nilikosea?

JIBU: Hukukosea hata kidogo, kaka. Ile ni hifadhi ya taifa kwa karibu kilomita 50 za barabara, na mnyama akifa pale bado ni wa serikali. Kilichotakiwa ni kutoa taarifa getini na kuendelea na safari. Na weka sheria pembeni, mimi nisingemkata mnyama ambaye sikumwona akifa. Mtu anaweza kudhani ni lori kumbe ni kimeta. Mnyama wa kimeta damu yake haigandi, hutoka puani na nyuma, na ukimpasua umejipaka ugonjwa mikononi na umeumwaga kwenye ardhi utakapokaa miaka mingi. Mwambie mwenzako hivyo. Halafu Kirikuu haimbebi nyati, ingekaa na matairi ya mbele hewani.

SWALI: Shikamoo. Ninapika kwenye shughuli, harusi na arobaini. Hununua ng'ombe mnada wa Pugu na kumsafirisha kwa pikapu akiwa hai. Vijana wa kupakia wananitoza kila mara, tena wanampiga na kumkunja mkia. Naweza kumpakia mwenyewe na dereva wangu?

JIBU: Marahaba mama. Unaweza, na kwa aliye hai mambo yanageuka, kwa sababu atapanda kwa miguu yake mwenyewe ukimpa pa kukanyaga. Dereva arudishe gari kwenye tuta la udongo mpaka kusiwe na pengo hata la kwato, maana ng'ombe akiona pengo lenye giza chini yake hasogei. Mwaga mchanga au nyasi kwenye bodi, chuma kitupu kinamtelezesha na akiteleza mara moja hatataka tena. Kamba ya pembe ipite kwenye chuma cha kabini na irudi kwa dereva aliyesimama nje ya bodi, avute tu pale ng'ombe anapopiga hatua, asimvute akiwa amegoma. Wewe simama nyuma kwa ubavuni, si mkiani, na mkono wazi tu. Mpe dakika kumi. Mimi nimewahi kumsubiri mmoja ishirini, na alipanda mwenyewe baada ya kunusa zile nyasi.